Bunduki yangu mpya ya shabaha ya .22: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu nianze kutoka na hii bunduki mpya naulizwa yale yale kila nikikaa na watu, darubini gani, risasi gani, mbona hujaweka bipodi (ile miguu miwili ya mbele), mbona unapiga taratibu hivyo, kwa hiyo nimeona niyaandike yote hapa mara moja. Hadi sasa nimepiga nayo risasi kama 700 hivi. Kwa bunduki ya aina hii hizo sio nyingi, kwa hiyo chukulieni haya kama maoni ya mwanzo ya mtu ambaye ameipenda sana lakini bado anaichunguza.

Ni bunduki gani hasa?

Ni ya .22 LR (Long Rifle, jina la aina ya risasi), ya bolti, yaani unakoki kwa mkono kila risasi. Kitako ni mbao ya jozi, mtutu ni mnene kuanzia kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, mpaka mdomoni, magazini ni ya kuchomoa na inabeba risasi 5, uzito ni kilo 3 na ushee bila darubini. Vilengeo vya chuma haina kabisa, kwa hiyo darubini ni lazima.

Kwa wasiojua, hiyo .22 ni kipenyo kwa inchi, kama milimita 5.6. Risasi yenyewe ni ya zamani mno, ilitoka mwaka 1887 kwa kampuni ya J. Stevens ya Marekani na mpaka leo inatengenezwa kwa umbo lile lile. Kichwa chake cha kawaida, yaani ile sehemu inayoruka, kina uzito wa gramu 2.6 tu. Na kuna kitu kimoja kuhusu ganda lake naomba mkishike maana nitakirudia huko chini: kiwashio hakikai katikati ya kitako cha ganda kama kwenye risasi kubwa, kimezungushwa ndani ya ule ukingo wa nje, ndo maana pini ya kufyatulia inagonga pembeni.

Kwa nini .22, si ungechukua kubwa zaidi?

Kwa sababu nataka kujifunza kulenga. Bunduki kubwa ina mrusho begani, ina kishindo, na mwili ukishaizoea ile adha unaanza kufumba macho kabla hata triga haijaachia na wewe mwenyewe hujui. Hii haina hayo, mrusho wake ni kama mtu kakugusa bega, kwa hiyo kosa ukilifanya unaliona palepale kwenye karatasi na huna cha kusingizia. Kingine ni kwamba kichwa cha .22 kinatoka polepole, kwa hiyo kinakaa ndani ya mtutu muda mrefu kidogo kuliko cha bunduki kubwa, ukitikisika baada ya kuachia triga kinatoka kimeshapotea. Inakufundisha kutulia mpaka mwisho.

Na msiidharau. Kwenye Olimpiki mchezo wa bunduki mita 50 unachezwa kwa .22 hii hii, na kile kiduara cha alama 10 kina upana wa milimita 10.4 tu, yaani mita 50 kutoka ulipo unatafuta kitu kidogo kuliko kifungo cha shati.

Ulipofungua boksi ulikuta nini?

Bunduki yenyewe, bolti imefungwa pembeni kwenye karatasi ya mafuta, magazini moja, kufuli ya triga, alenki mbili (funguo za kukazia skrubu) na kitabu cha maelezo. Mafuta yalikuwa mengi kila mahali, yale mazito ya kuzuia kutu safarini, na haya lazima uyatoe kabla hujapiga hata risasi moja, hasa ndani ya mtutu na kwenye chemba. Nilipitisha vitambaa vikavu mpaka vikatoka safi.

Halafu fanya kitu ambacho wengi wanaruka: kagua skrubu zote. Yangu ilikuja na skrubu ya mbele ya kitako imelegea, ukishika mtutu na mbao unahisi vinachezeana kidogo. Ningeenda nayo hivyo uwanjani ningerudi nikisema bunduki mbovu wakati tatizo ni dakika mbili za alenki. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu, usikaze kwa hasira, mbao inabonyea.

Triga ikoje?

Nzuri sana, na hii ndo sehemu ya kwanza iliyonifanya nitabasamu. Ilikuja nzito kidogo, kama kilo 1.4 hivi, ila ina skrubu ya kurekebisha na nimeishusha mpaka chini kidogo ya kilo moja. Haina ile hali ya kukwaruza, unavuta, inakutana na ukuta, halafu inaachia ghafla kama kijiti kikavu kinavyovunjika.

Tahadhari moja. Ukishashusha triga, hakikisha bunduki haina kitu, ikoki, halafu gonga kitako chini kwenye mkeka kwa nguvu kiasi uone kama itajiachia. Ikijiachia umeshusha kupita kiasi, rudisha juu. Nilirudia hilo jaribio kama mara kumi na sefti (kizuizi cha usalama) ikiwa imetolewa. Wanamichezo wa kweli wa mita 50 wanatumia triga nyepesi mno, ila wao wanakoki wakiwa tayari wamelala kwenye mstari wao, hawatembei nayo.

Kitako kinakukaa?

Hapa ndo nataka nikae kidogo maana naona watu wanauliza darubini wee lakini hili hakuna anayeuliza, na kwangu mimi hili na risasi ndo vitu viwili vinavyoamua kila kitu.

Kitako kina vipimo viwili vya msingi. Cha kwanza ni urefu kutoka kwenye triga mpaka mwisho wake begani. Kikiwa kirefu unanyoosha mkono na shingo, kikiwa kifupi pua inagusa kidole gumba. Namna rahisi ya kupima ni kuweka kitako kwenye kiwiko kilichokunjwa, kidole kikifika kwenye triga kwa raha upo karibu na sawa, ila hiyo ni ya kuanzia tu, ukilala chini mwili unataka kifupi zaidi kuliko ukisimama. Yangu ilikuwa ndefu kwangu kwa karibu sentimita mbili na haina vipande vya kutoa, ikabidi fundi wa mbao anayezijua hizi kazi akate na kurudisha ile raba ya mwisho. Niliogopa sana siku ile. Lakini baada ya hapo ikawa bunduki nyingine kabisa, nafumba macho, naiweka begani, nafungua macho, na darubini ipo mbele ya jicho langu bila kusogeza shingo.

Cha pili ni kimo cha mahali shavu linapotua. Hizi mbao nyingi zimechongwa kwa ajili ya vilengeo vya chuma ambavyo viko chini karibu na mtutu, ukifunga darubini jicho linatakiwa lipande, na shavu linaachia mbao, unabaki umeninginiza kichwa hewani. Ukipiga hivyo kila risasi kichwa kipo mahali tofauti. Nilitumia kile kifuko cha kufunga kwa kamba juu ya kitako, ndani nikaweka vipande vya sponji ngumu, nikaongeza na kupunguza mpaka shavu likatua. Kifaa cha bei ya chini kuliko vyote nilivyonacho na ndo kilichonisaidia kuliko vyote, nasema hivi nikiwa nimevijaribu vingine.

Bolti na magazini?

Bolti laini, na imezidi kuwa laini baada ya risasi kama 200 za kwanza. Mkono wake unainuka kidogo tu, digrii 60 hivi, kwa hiyo haugongi darubini. Hilo liangalie kabla hujanunua chochote, kuna bolti zinainuka digrii 90 na ukiweka darubini pana chini chini vidole vinabanwa.

Magazini ndo ilinisumbua. Risasi ya mwisho ilikuwa inapanda imeinama na pua yake inagonga ukingo wa chemba, na kwa vile kichwa ni madini laini ya risasi kinakwaruzika, na kichwa kilichokwaruzika hakiendi kinapotumwa. Nilichukua magazini ya pili na tatizo halikuwepo kabisa, kwa hiyo ni ile moja tu midomo yake ilikuwa imepinda. Siku ya kwanza pitisha magazini zote taratibu ukiangalia kila risasi inavyoingia, uzijue tabia zake.

Umeweka darubini gani?

Inakuza mara 4 mpaka 12, kioo cha mbele milimita 40. Kwa mita 50 inatosha na inabaki. Mtu akiniambia anataka ya mara 24 kwa umbali huo namuuliza tu, utaweza kuvumilia kuona mapigo ya moyo wako mwenyewe kwenye ule msalaba wa kulengea ndani ya darubini?

Kitu cha kuangalia zaidi kuliko ukuzaji ni paralaksi, yaani msalaba kuonekana unahama jicho likihama. Weka bunduki kwenye mifuko ikae yenyewe, angalia kwa darubini bila kuigusa, halafu sogeza kichwa kushoto kulia. Msalaba ukionekana unatembea juu ya shabaha, basi hiyo darubini haijapangwa kwa umbali huo, na kila utakapoweka jicho pembeni kidogo utapiga pembeni. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimepangwa kwa yadi 100, za .22 kwa yadi 50, ambayo ni kama mita 45. Yangu ina kizungushio cha mbele cha kurekebisha kuanzia mita 10, na hicho ndo kilichonifanya niichague.

Uliifunga mwenyewe?

Ndio, na unaweza. Juu ya bunduki yangu kuna mfereji wa milimita 11, sio ile reli pana yenye meno, kwa hiyo ringi lazima ziwe za milimita 11, ukinunua za reli pana hazikai. Chagua ringi fupi kadiri inavyowezekana bila kioo cha mbele kugusa mtutu.

Umbali wa jicho na darubini kwa yangu ni kama sentimita 9. Upange ukiwa umelala kwa namna ile ile utakayopigia, maana ukiupanga ukiwa umesimama dukani halafu ukalala, unakuta duara jeusi limekula nusu ya picha. Msalaba unyooshe na uzi wenye kitu kizito chini uliouning'iniza mbali kidogo, ule uzi hausemi uongo. Skrubu za ringi nilikaza kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) karibu 2 Nm, kwa mkato, hii kidogo ile kidogo, mpaka mianya ya pande zote mbili ikawa sawa. Ukikaza upande mmoja kwanza darubini inazunguka na kazi yote ya uzi imeharibika.

Uliilenga vipi mara ya kwanza, na uliharibu risasi ngapi?

Chini ya kumi. Bunduki ya bolti ina faida hii: chomoa bolti, weka bunduki kwenye mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu kutokea nyuma mpaka uone shabaha iko katikati ya tundu, halafu bila kuisogeza zungusha vifundo vya darubini mpaka msalaba nao uwe pale pale. Rudisha bolti, anza kwa mita 25. Ya kwanza itakuwa kwenye karatasi. Rekebisha, nenda mita 50.

Hesabu ya kliki, ule mlio mmoja mmoja wa kifundo cha darubini ukikizungusha, inawachanganya wengi. Kama darubini yako imeandikwa robo MOA (MOA ni kipimo kidogo cha pembe), kliki moja ni kama milimita 7 kwa mita 100, kwa hiyo kwa mita 50 ni nusu yake, milimita 3 na nusu hivi. Ukiwa umepiga sentimita 7 chini kwa mita 50 hizo ni kliki 20. Watu wanazungusha kliki 10 kwa hesabu ya mita 100 halafu wanasema darubini haifanyi kazi.

Na piga risasi tano ndo urekebishe, usirekebishe kwa moja. Ukiifuata kila risasi unakuwa unafukuza makosa yako mwenyewe.

Inapenda risasi gani?

Hili ni swali zuri kuliko yote na jibu lake linaudhi, huwezi kujua mpaka ujaribu. Bunduki za .22 zina tabia, mbili za aina moja zilizotoka siku moja zinaweza kupenda risasi tofauti. Mimi nilichukua aina sita, boksi moja moja, nikapiga tano tano kwa mita 50 kwenye mifuko ile ile, asubuhi ile ile kabla upepo haujaamka.

Tofauti ilinishangaza. Aina moja ya kasi kubwa ilitawanyika kama milimita 40, nyingine ya kasi ya kawaida ikakusanyika ndani ya milimita 15, mtu yule yule, bunduki ile ile, dakika kumi baadaye. Fikiria mtu angenunua ile ya kwanza tu boksi kumi, angeishia kuitukana bunduki na kuanza kutafuta darubini mpya, bipodi mpya, kitako kipya.

Kuna kitu kidogo hapa wengi hawaambiwi. Vichwa vya .22 vimepakwa nta au mafuta, na kila kiwanda kina yake, mtutu unajipaka hiyo nta kidogo kidogo unavyopiga. Ukibadilisha aina, risasi za kwanza zinapita kwenye nta ya mwenzake na zinatawanyika, kwa hiyo piga kama 15 au 20 bila kuzihesabu ndo uanze kupima. Jaribio langu la kwanza sikufanya hivyo na matokeo nikayatupa yote nikaanza upya.

Kwa nini kasi ya kawaida na sio kasi kubwa? Si kasi ndo uzuri?

Kwa shabaha hapana. Sauti hewani inaenda kama mita 340 kwa sekunde. Risasi ya kasi ya kawaida inatoka kwa mita 325 hivi, yaani iko chini ya sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Ya kasi kubwa inatoka kwa kama 380, kwa hiyo inaanza juu ya sauti halafu hewa inaipunguza mpaka inashuka chini yake njiani, na pale inapovuka ndo inapopata misukosuko. Na ajabu zaidi, upepo wa pembeni unaisukuma ile ya kasi kubwa zaidi kuliko ya polepole, kwa sababu inapoteza kasi nyingi zaidi njiani. Nilisoma hilo nikalikataa, nikaenda kulijaribu kwa mita 100, ndo nikakubali.

Upepo unaisumbua kiasi gani, na inafika wapi?

Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukitoka pembeni moja kwa moja, kwa mita 50 unakusogeza kama sentimita 2 na nusu, kwa mita 100 unakaribia sentimita 10. Huo ni upepo wa kawaida tu, wa kutikisa majani. Nilifunga utepe mwepesi kwenye kijiti katikati ya mimi na shabaha, nasubiri ulale kwa namna moja ndo naachia.

Kushuka nako: ukiilenga mita 50, kwa mita 100 inapiga chini kama sentimita 20. Kwa hiyo shabaha inawezekana kwa mita 100, ila lazima uzijue kliki zako.

Lakini kufika na kulenga ni vitu viwili. Risasi hii ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu na bado ikaumiza mtu, na ikigonga maji au jiwe au ardhi ngumu kwa pembe inaruka kuelekea usikokujua. Nyuma ya shabaha lazima kuwe na tuta la udongo lililo refu kukuzidi. Pasipo na tuta mimi sifungui begi.

Bipodi au mifuko ya mchanga?

Mifuko. Wa mbele mkubwa, wa nyuma mdogo wa kubana kwa kiganja cha kushoto, ukibana unapanda ukiachia unashuka, ndo namna ninavyoweka msalaba mahali pake. Bipodi ninayo, nzuri kwenye majani, ila kwenye meza ngumu inarukaruka na matundu yakawa yanatawanyika wima. Nikaweka zulia chini ya miguu yake, ikatulia. Ukiinunua usisahau kuisukuma mbele kidogo na bega kabla ya kuachia.

Mkanda wa begani wa nini kama unapiga umelala?

Huo mkanda ni kifaa cha kulengea kabla ya kuwa cha kubebea! Unauzungusha juu kwenye mkono wa kushoto, unaukaza, na unajikuta mifupa ndo imebeba bunduki, misuli imepumzika. Siku ya kwanza unauma. Ya tatu hutaki kupiga bila huo.

Kiwambo cha sauti kinaongeza chochote?

Mdomo wa mtutu wangu una thredi na kifuniko, kwa hiyo kinaingia, ila mahali pengi kinahitaji kibali chake peke yake au kimekatazwa kabisa, ulizia kwanza sheria za ulipo kama ulivyofanya kwa bunduki yenyewe. Nilijaribu cha mwenzangu. Kwa risasi za chini ya sauti unasikia mlio wa pini na risasi ikigonga karatasi, basi. Kwa za kasi kubwa ule mlipuko wa hewa unabaki maana unatoka kwenye kichwa kinavyokata hewa, kiwambo hakiugusi. Sehemu inapopiga ilihama kwa sentimita kadhaa kikiwa kimefungwa, ila ilihamia pale pale kila mara, na hilo ndo muhimu.

Unaisafisha kila ukipiga?

Mtutu hapana. Kwa ile sababu ya nta, ukiusafisha mpaka ung'ae unahitaji risasi 20 tena kuurudisha kwenye hali yake. Chemba ndio, kila mara, pale mbele ya ganda linapoishia kunajenga kiduara cha nta na masizi na hicho ndo kinafanya risasi zianze kukataa kuingia vizuri. Brashi ndogo ya nailoni, kitambaa chenye mafuta kidogo, kikavu, imeisha. Uso wa bolti na kile kidole kinachovuta ganda navyo. Mtutu naupitishia kamba ya kusafishia baada ya risasi mia kadhaa, au matundu yakianza kutawanyika bila sababu, na siku zote kutokea nyuma kuelekea mdomoni. Ukianzia mdomoni na fimbo ya chuma unakwaruza ule ukingo wa mwisho ambao risasi inaugusa ikitoka.

Naweza kufyatua tupu nyumbani kwa mazoezi?

Kumbukeni nilichosema juu kuhusu kiwashio cha pembeni. Pini inagonga ukingo, na ukingo usipokuwepo kwa baadhi ya bunduki pini inafika kwenye ukingo wa chemba yenyewe na kuubonyeza. Bunduki nyingi za sasa zina kizuizi, soma kitabu cha yako. Mimi natumia risasi bandia za plastiki hata kama kitabu kinasema sio lazima, na risasi za kweli ziko chumba kingine kimefungwa. Dakika 15 kila jioni, naangalia msalaba unafanya nini triga inapoachia. Zimenisaidia kuliko boksi nyingi za risasi.

Risasi ikigoma kulia nifanye nini?

Usifungue bolti! Mdomo ubaki kwenye tuta, hesabu mpaka sekunde 30 taratibu, halafu fungua ukiwa umekwepesha uso. Kuna risasi zinachelewa kuwaka. Nimepata tatu kati ya hizo 700, zote za boksi moja. Na ukisikia mlio dhaifu usio wa kawaida, simama, toa bolti, chungulia mtutu uone mwanga, maana kichwa kinaweza kubaki ndani na kinachofuata kitakikuta.

Masikio nayo? Si .22 tu?

Mlio wake unaweza kukaribia desibeli 140, na sikio likishapoteza halirudishiwi. Vaa vikinga masikio na miwani kila siku, hata kwa risasi moja. Chini ya paa vaa viziba vya ndani pamoja na vikinga vya nje.

Na mikono. Kiswahili kimetusaidia hapa, risasi ni jina la madini na ni jina la kinachotoka bundukini, kitu kimoja, na hayo madini ni sumu. Kiwashio nacho kwa kawaida kina risasi ndani yake, kwa hiyo ule moshi unaovuta una chembe zake. Nawa kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula au kumshika mtoto, nguo za uwanjani zifuliwe peke yake, na kama unapigia ndani hakikisha hewa inavutwa kuelekea kwenye shabaha.

Unaitunzaje nyumbani?

Kabati la chuma lenye kufuli, bolti sehemu yake, risasi sehemu yake nyingine, funguo ninazo mimi. Safarini iko kwenye begi gumu na kibendera cha rangi kimechomekwa kwenye chemba, mtu yeyote akiiangalia anaona haina kitu bila kuniuliza.

Kama mtu ana nafasi ya vifaa vichache tu, achukue nini?

Vikinga masikio na miwani, kifuko cha shavu, mfuko wa nyuma, kibendera cha chemba, na risasi za aina mbalimbali za kujaribu. Baada ya hapo darubini ya wastani yenye paralaksi ya kurekebisha. Magazini ya pili. Bipodi, kitako cha kisasa cha alumini, triga ya kununua pembeni, vyote hivyo vinaweza kungoja mpaka umalize angalau risasi 500 na ujue kinachokusumbua ni nini.

Kuna usichokipenda?

Vipo. Ile magazini nimeshasema. Sefti ina mlio mkubwa ikisogezwa. Mbao kwa chini ni nyembamba na bapa kidogo kwa mfuko wa nyuma, inateleza, nimebandika kipande cha ngozi. Na rangi ya mtutu inachukua alama za vidole haraka, nisipofuta jioni ile ile asubuhi naona vidoa vya kahawia, kwa hiyo kitambaa chenye mafuta kinakaa ndani ya begi siku zote.

Sasa hivi inapiga vipi?

Kwa ile risasi iliyoichagua yenyewe, mita 50, nimelala na mkanda bila mfuko wa mbele, kumi kwa kumi nazifunika kwa sarafu isipokuwa moja au mbili. Hizo mbili nazijua kabla sijaenda kuangalia karatasi, huwa ni zile nilizoharakisha kwa kuona utepe unaanza kuinuka. Ndo ninazofanyia kazi mwezi huu.